Chai ya Fundi

Mimi hufundisha watu kuendesha gari, na gari langu lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wangu. Mwanafunzi akitaka kutuua, nakanyaga. Nimeishi hivyo muda mrefu hadi nikaanza kudhani kila jambo duniani lina breki yake upande wa abiria, ni kujua tu ilipo. Wodi ya mifupa ilinifundisha adabu.

Mama alivunjika nyonga siku ya Ijumaa asubuhi. Alisema aliteleza bafuni, na hakuna aliyebisha, maana wazee wote huteleza bafuni. Nilimpeleka hospitali kwa gari langu la kazi, lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, amelala kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwa Baba, na njia nzima alinikosoa jinsi ninavyokata kona. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Alisema unafanana na suruali iliyokatwa na mwanagenzi.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Amekaa nyuma ya cherehani umri wake wote, akishona sare za shule, na mtaani wanamwita Bi Pindo kwa sababu alikuwa na tabia ya kumsimamisha mtu njiani, hata asiyemjua, akamwinulia ncha ya gauni na kumwambia aliyekushonea hili amekuibia. Baba yeye humwita Fundi tu. Baba alikuwa karani wa posta. Zamani ungemtajia jina la mtu yeyote wa mji ule, akakutajia namba ya sanduku lake kabla hujafunga mdomo.

Daktari wa mifupa wa hospitali ile alikuwa akija mara moja kwa wiki, kila Jumanne. Siku nyingine alikuwa kwenye hospitali nyingine, na nyingine, maana waliokuwa wakijua kazi yake walikuwa wachache. Lakini Jumamosi ile alipita kwa bahati kuwaona wagonjwa wake, akasimama kwa Mama, akaitazama picha ya eksirei dhidi ya mwanga wa dirisha. Alikuwa kijana mwenye vidole virefu, anayeongea polepole. Alitueleza kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuupasua upaja wote, kuufikia mfupa na kuufunga kwa vyuma, na damu nyingi hupotea. Daktari wa moyo alikuwa ameshasema moyo wa Mama hauwezi kuhimili hilo. Ya pili ni kutoboa ubavuni mwa nyonga matundu madogo mawili matatu, kisha kupitisha fimbo ya chuma ndani ya mfupa wenyewe, huku mashine ya eksirei imeinama juu ya mgonjwa ikimwonyesha daktari kila hatua kwenye kioo. Damu inayotoka ni kidogo. Kesho yake mgonjwa anakaa kitako, keshokutwa anasimama.

"Kwa mtu wa umri huu," alisema, "mfupa hauui. Kinachoua ni kulala."

Mama aliuliza hayo matundu yana ukubwa gani. Daktari akamwonyesha kwa kidole, akasema ni kama tundu la kifungo cha koti. Mama akauliza atashona kwa uzi gani, na mshono wa aina gani, na kama anafunga fundo mwishoni au anarudia nyuma. Yule kijana alijibu yote bila kucheka. Alipoondoka, Mama alisema huyo ana mikono, mwacheni anishone, nikiamka nitamkagua.

Basi tukaisubiri Jumanne. Nikawa na moyo mwepesi, nakiri. Kitu kilichovunjika kilikuwa kimepata mtu wa kukiunga, siku imepangwa, na mimi napenda sana siku ikipangwa.

Jumatatu jioni sista wa wodi alifunga kibao kwenye miguu ya kitanda kwa kamba: ASILE WALA ASINYWE CHOCHOTE. Alitueleza mimi na Baba taratibu. Tumbo likiwa na kitu wakati wa upasuaji, kinaweza kupanda juu na kuingia mapafuni, na mapafu ya mzee hayasamehi. Chai ya maziwa ni sawa na chakula. Baba alisikiliza akiwa amesimama wima na koti lake la kaunda, akaitikia kila neno. Hata alimgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili akamweleza naye, na alieleza vizuri kuliko sista.

Nilipanga kumpitia Baba asubuhi tuje pamoja. Nilipofika nyumbani nikakuta ameshatoka.

Nilimkuta wodini, amekaa kwenye kiti karibu na kichwa cha Mama, ametulia kabisa. Mama alikuwa tayari amevishwa lile gauni la kijani linalofungwa mgongoni na kofia ya kuziba nywele. Juu ya kabati dogo kulikuwa na chupa ya chai, na Baba alikuwa akikifuta kikombe kwa leso.

Ni lazima niseme kuhusu hiyo chai. Tangu waoane, Baba ndiye anayempikia Mama chai ya asubuhi. Kabla ya kwenda posta aliinjika, akaichuja, akaileta hadi kwenye cherehani na kuiweka upande wa kushoto, mbali na kitambaa. Wanaume wenzake walimcheka wakachoka. Mama hakuwa mtu wa kusemeshwa kabla ya kikombe kile. Sisi watoto tulijua kwamba ukitaka ruhusa ya kwenda popote, unasubiri Baba apite na chai kwanza.

"Baba," nilimuuliza, "umempa chai?"

"Nimempa. Kamaliza yote," alisema, na alifurahi.

Niliinua kidole nikamwonyesha kile kibao. Baba alivaa miwani, akainama mbele, akakisoma kwa sauti neno baada ya neno, sauti ile ile ya dirishani posta. Kisha akanigeukia kwa huruma.

"Maskini. Nani huyo amekatazwa kula?"

Mimi nina mdomo. Wanafunzi wangu wamenipa jina la Honi, na hawakukosea. Mdomo ulikuwa umeshafunguka tayari, na yaliyokuwa yakija hayakuwa ya kumwambia mzazi. Mama akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu nisiyoitarajia kwa mtu aliyelala siku zote hizo. Akamwomba Baba akakisuuze kikombe kwenye bomba la mwisho wa korido. Baba akainuka, akaenda, hatua zake za heshima.

"Usimwambie kitu," Mama alisema.

"Mama, ulijua hutakiwi kunywa."

"Nilijua."

"Sasa ulikunywa kwa nini?"

Alitazama mlango kwanza. "Nilimwambia nimekatazwa. Akasema sawa, akakaa. Kidogo akamimina tena, akaniletea kana kwamba hatujaongea. Nikamwambia tena. Mara ya tatu akasimama hapo na kikombe, akaniuliza amenikosea nini siku hizi hata chai yake siitaki." Akarudisha macho kwangu. "Ningefanyaje?"

Ndipo yakatoka yote, kwa haraka, kabla bomba halijafungwa. Usahaulifu wa Baba ulianza zamani kidogo. Kwanza majina, halafu njia ya kurudi nyumbani, halafu siku. Mama alimfuata nyuma akiziba. Alijibu maswali aliyoulizwa Baba, alimalizia hadithi zake, alicheka kabla hatujashangaa. Kumbe zile sufuria mpya nilizoziona jikoni, nikamtania kwamba sasa wanakula raha, zilikuwa za kuchukua nafasi ya zilizoungua. Na bafuni hakuteleza. Ijumaa ile Baba aliinjika chai, akavaa koti, akatoka kwenda kufungua posta ambayo siku hizi ni duka la simu. Mama alisikia harufu ya kuungua akiwa kitandani. Alikimbia jikoni, na watu wa umri wake hawakimbii.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Baba, kisha nikamkasirikia Mama zaidi, kwa kumpiga Baba pindo zuri namna ile hata uzi mmoja usionekane kwa nje. Na katikati ya hasira hizo nikawaza jambo moja tu: kwamba ilikuwa ni Jumanne, na Jumanne ilikuwa moja.

"Tunyamaze," nilimwambia. "Kikombe kimoja tu."

Baba alirudi na kikombe kinachong'aa, na nyuma yake akaja daktari wa usingizi, mama mfupi aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, na wahudumu wawili na kitanda cha magurudumu. Alimsalimia Mama kwa adabu. Akamuuliza kama ana meno ya bandia, kama ana mzio wa dawa. Halafu akauliza kama amekula au kunywa chochote tangu usiku.

Mimi nilitazama dari. Naapa nilitazama dari, kulikuwa na doa la maji lenye umbo la kiatu.

"Nimekunywa chai," Mama alisema. "Niliiba. Kiu ilinishinda."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa."

Daktari wa usingizi alishusha miwani, akamtazama, akaipandisha tena. Alisema bibi, tulikuomba jambo moja tu. Hakusema kwa ukali, lakini alisema mbele ya wodi nzima, na wodi nzima ikageuka. Mama alipokea kimya, mtu ambaye hajawahi kukubali kosa la sentimita.

Na Baba, akiwa na kile kikombe mkononi, alitikisa kichwa.

"Fundi, na wewe nawe," alisema. "Si walishakukataza?" Akanitazama mimi, kama kuniambia, unaona mama yako alivyo.

Mama akasema, "Nisamehe, mzee wangu."

Yule kijana wa mifupa alitoka mwenyewe kuja kutuona. Hakutukaripia. Alisema watamweka Mama wa mwisho, jioni, chai ikishashuka, na kwamba bado ni Jumanne. Nilitaka kumbusu mikono. Tukakaa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Mama lilikuwa tupu tangu hicho kikombe. Midomo ilimkauka, nikawa nailowesha kwa pamba. Baba aliuliza mara kwa mara tunamsubiri nani, na kila mara Mama alimjibu kama ndiyo kwanza anauliza.

Alasiri walikuja kumchukua kweli. Nilitembea kando ya kitanda cha magurudumu hadi kwenye milango ile miwili ya bembea, na kwa kioo cha mlango niliiona mashine yenyewe, shingo yake imepinda, imefunikwa plastiki, inasubiri. Ilikuwa karibu sana. Tulikuwa hapo mlangoni wakati king'ora kiliposikika kutoka lango la dharura, kisha kingine. Lori lililobeba vibarua wa ujenzi lilikuwa limepinduka. Waliletwa vijana wenye mifupa imetoka nje ya ngozi, wengine wakiita mama zao, na kitanda cha Mama kikasukumwa ukutani kuwapisha. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja.

Hakuna wa kumlaumu hapo. Ningempata hata mmoja ningepona kidogo.

Yule daktari alifanya kazi hadi giza likaingia, alipotoka nguo zake zilikuwa zimelowa, na alfajiri alikuwa anatakiwa mji mwingine. Aliniambia Jumanne ijayo, wa kwanza kabisa. Nikamwambia kulala ndiko kunakoua, wewe mwenyewe umesema. Akasema anajua. Niliuliza kama tunaweza kumhamisha. Alipiga simu mbele yangu, na hospitali yenye mashine kama ile ilikuwa na foleni ndefu kuliko yetu, na barabara ya kufika huko ingemmaliza. Niliuliza ile njia ya kwanza, ya kupasua. Daktari wa moyo alikataa hata kabla sijamaliza sentensi. Kila nilipokanyaga, mguu ulishuka hadi sakafuni.

Wiki ile sikufundisha. Asubuhi nilikuwa natangulia kwa Baba, nafunga gesi, tunakuja pamoja. Wakamruhusu Mama kula, wakakiondoa kibao, na Baba akawa anamletea chai yake kwa uhuru. Kila siku alikunywa kidogo kuliko jana, na Baba akasema ni kwa sababu imekuwa ya moto mno, akaanza kuipoza. Sista alimfundisha Mama kupuliza puto ili mapafu yafunguke. Mama alisema hajawahi kuona sherehe ya ovyo kama hii, lakini alipuliza. Siku iliyofuata puto lilijaa nusu. Kisha likawa linatikisika tu.

Alianza kukohoa kikohozi chenye maji ndani. Usingizi ukawa mwingi, na alipoamka alinipa maagizo. Gesi iwekwe nje na ifungwe kwa kufuli. Baba asisahihishwe mbele za watu. Akitaka kwenda posta, nimsindikize hadi kwenye kona, nimwambie leo ni sikukuu, atarudi mwenyewe. Viatu vyake viwekwe vimeelekea mlangoni, vinginevyo anavitafuta. Alinikabidhi mtu mzima kama anavyokabidhi gauni ambalo halijaisha, akinionyesha palipobaki sindano.

Nikamwambia aache, atarudi kumtunza mwenyewe. Akasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, sasa mimi zizini kwenyewe ndiko nilikovunjikia. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na sista akaja na mrija wa oksijeni.

Jumatatu jioni kibao kikarudi kitandani.

Jumanne niliamkia kwa Baba kabla hajaamka. Chai alipika, sikumzuia. Niliichukua chupa nikaitia kwenye mkoba wangu, nikamwambia nitaibeba mimi, wewe umechoka. Alishukuru. Ndani ya mkoba ilikuwa ya moto ubavuni mwangu njia nzima, na nilijisikia nimepata breki hatimaye. Nilikaa kati ya Baba na Mama kama askari. Hakuna tone lililopita.

Daktari wa mifupa alikuja mapema, na daktari wa usingizi pamoja naye. Huyu mama alikiweka chombo chake mgongoni mwa Mama, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Alisikiliza kwa muda mrefu sana. Hakuuliza kuhusu chai. Wakaenda kuongea karibu na dirisha, na waliporudi yule kijana alivuta kigoda akakaa, nami nikajua, maana madaktari wenye habari njema huongea wamesimama.

"Tumbo lake liko tayari," alisema. "Mapafu ndiyo hayako tayari. Nikimwingiza leo, hatatoka."

"Na asipoingia?"

Aliitazama mikono yake, ile mirefu, imelala magotini haina kazi. "Tutamwondolea maumivu," alisema. "Tutahakikisha hasikii maumivu."

Nilimwambia ni tundu la kifungo tu. Nilimwambia mara mbili, kijinga kabisa, kama mtu anayepatana bei. Akasema anajua. Mama alikuwa amefumba macho, lakini vidole vyake vilikuwa vinapapasa ncha ya shuka, vinakagua pindo.

Wakaondoka. Sista akaja, akafungua kamba, akakiweka kibao kwapani. Aliongea kwa sauti ya chini, kwa upole, akinitazama mimi.

"Sasa anaweza kula na kunywa chochote anachotaka."

Baba alikuwa ametulia muda wote, mikono juu ya fimbo yake ya kutembelea, kama anayesikiliza lugha ya wengine. Hilo alilisikia. Uso wake wote ulifunguka. Akaanza kutafuta kwenye kabati, chini ya kiti, akaniuliza chupa iko wapi. Nikaitoa kwenye mkoba. Ilikuwa bado ya moto.

Alimimina polepole bila kumwaga, akaipoza kwa kuipuliza, akainama.

"Fundi," alisema. "Fundi, amka. Wameruhusu."

Mama alifumbua macho. Alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi juu ya bega lake, yale macho yake ya kukagua, hadi alipohakikisha mdomo wangu umefungwa. Nikaushusha mrija wa oksijeni kidogo. Nikashika kikombe kwa chini, Baba akakishika kwa juu, na chai ikamgusa midomo.

"Leo umeipatia," Mama alimwambia.

Baba akanigeukia, machozi ya furaha yanamlenga.

"Umeona? Nilijua tu watamruhusu."

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Wameruhusu."